Wasabato wa Suji na Ujerumani ya Hitler

Njia ya Suji huanzia Makanya, penye reli ya Tanga na Moshi, ikakwea Upare ya Kusini kona baada ya kona. Niliipanda Ijumaa alasiri, Wasabato wa milimani wakiharakisha kupika na kufua kabla jua halijatua. Imani hiyo waliileta Wajerumani. Wamisionari wao walifika Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti kule Mamba, baadaye wakajenga kituo hapa Suji. Nilipanda nikiliwazia kanisa lililowatuma, na yaliyolikuta miaka 30 baadaye chini ya Hitler.

Ufashisti ulitangulia Italia, Mussolini aliposhika serikali mwaka 1922. Kufikia 1926 vyama vya upinzani vilikuwa vimefutwa. Hitler alikwenda mbio zaidi: aliapishwa Januari 1933, Julai kikabaki chama chake peke yake. Dikteta wa kawaida huridhika watu wakinyamaza. Ufashisti unataka washangilie, na unadai watoto wao, magazeti yao, vilabu vyao vya michezo, mpaka ibada zao.

Tarehe 26 Novemba 1933 Kanisa la Waadventista Wasabato lilipigwa marufuku Ujerumani. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya siku chache tu, na hapo ndipo penye uchungu, kwani viongozi waliokwisha kuonja hofu walianza kulipa hata kabla ya kudaiwa. Shule ya Sabato ilibadilishwa jina ili isifanane na mambo ya Kiyahudi. Mwaka 1936 Hulda Jost, aliyeongoza huduma za jamii za kanisa, alizunguka Marekani akiisemea vizuri serikali ya Hitler. Waumini wenye asili ya Kiyahudi walitengwa na ndugu zao wa imani.

Kwa kulinganisha, Wapare wanaikumbuka kodi ya mbiru. Mwaka 1945 maelfu walishuka Same kuikataa kodi hiyo, wakapiga kambi. Mkoloni Mwingereza alikuwa dhalimu, lakini hakuwa amefunga kila mahali ambapo watu wangekutana na kukubaliana. Ujerumani mahali kama hapo palikuwa karibu kwisha. Makanisa yalikuwa miongoni mwa machache yaliyobaki, ndiyo maana kusalimu amri kwao kuliwaumiza wengi.

Mwaka 2005, miaka 60 baada ya vita, Wasabato wa Ujerumani na Austria walitoa tamko la kuungama na kuomba radhi. Natamani lisomwe Suji, kwa Kichasu, lugha ya Wapare, mbele ya vijana.