Mnakwangua Nini?

Kijana wa mjini akisikia kuna kibarua cha rangi, haulizi mara mbili. Ndivyo tulivyojikuta, mimi na washikaji wangu wawili, ndani ya mashua moja kuukuu ya tanga iliyopandishwa ufukweni Dar es Salaam. Mashua ya starehe, ya mtindo wa Kizungu, yenye kijumba cha kulala chini ya sitaha. Tuliambiwa tukwangue rangi ya zamani, kisha tuchague mpya. Basi mkono unasugua msasa, mdomo unabishana: nyeupe au buluu? Vumbi limetujaa puani na kwenye kope kama tumetoka mashineni kusaga unga.

Fundi mmoja mzee wa majahazi akachungulia. "Wanangu," akasema, "mnabishania mtakayoipaka. Hiyo mnayoila sasa hivi, mmeiuliza jina?"

Tukacheka. Lakini swali lilinikaa, nikalifuata hadi maktaba.

Ndugu msomaji, mafundi wa pwani yetu walikuwa na jibu lao. Mbao za jahazi walizisugua kwa sifa, yaani mafuta ya papa, harufu yake usipime! Nje, sehemu inayozama majini, wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao.

Mashua ya Kizungu ilikuwa na shida nyingine. Kijumba chake kina vidirisha vidogo na taa ya mafuta, giza tupu. Dawa ya giza ni rangi nyeupe, na nyeupe ya zama zile ilikuwa ya risasi: unga wa madini hayo uliokorogwa katika mafuta ya kitani. Ilishika mbao vizuri na kuvumilia unyevu. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake (1895 hadi 1898), ameandika kwamba mashua yake Spray aliipaka rangi ya shaba chini na nyeupe ya risasi ubavuni.

Kumbe sumu! Tena haikuwa siri. Mwaka 1786 Benjamin Franklin aliandika barua kuhusu madhara ya risasi, akiwataja na wapaka rangi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba Namba 13: nyeupe ya risasi isitumike ndani ya majengo, isipokuwa pachache, na vijana wa chini ya miaka 18 pamoja na wanawake wote wasipewe kazi za kiviwanda za kupaka rangi hiyo.

Nikaurudia mkataba ule nikitafuta neno "chombo". Halimo. Marufuku yenyewe inataja ndani ya majengo tu. Mwaka 1978 Marekani nayo ikapiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani. Rangi za magari na mashua zikaachwa nje ya marufuku hiyo. Marufuku zote mbili ziliishia ufukweni. Hazikulowa hata kisigino.

Nilipofika hapo nikaikumbuka shati yangu. Jioni ile nilirudi nayo nyumbani, nyeupe pe! kwa vumbi, na mtoto wa dada akanirukia mabegani kama kawaida yake. Risasi huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Haitoi harufu wala haipigi hodi.

Kesho yake tulibadilisha kazi. Msasa mkavu tukautupa, tukalowesha mbao kabla ya kukwangua. Moto wa kubabua rangi hatukuugusa, maana risasi ikiungua hutoa moshi wa sumu. Palipokuwa pameshika imara tulipaacha, tukapafunika kwa rangi mpya. Tukavaa vinyago vya kuchujia vumbi, na nguo za kazi zikafuliwa huko huko.

Na rangi je? Tulichagua nyeupe ya mafuta isiyong'aa sana, kwa kuwa mng'ao huonyesha kila kovu la mbao kuukuu. Kwenye kopo imeandikwa haina risasi. Rangi ya shaba ilibaki kazi ya chini, nje. Ndani ya kijumba haina lake.

Wenzangu wa vibarua, kubishania rangi ni raha, nakubali. Lakini kabla hamjauliza mtapaka nini, ulizeni mnakwangua nini.