Uwezo wa Kuendesha Hauko Mguuni: Hoja kuhusu Upimaji wa Madereva Wenye Ulemavu wa Viungo

Anayesoma orodha ya madaraja ya leseni ya udereva nchini Kenya hukuta mantiki moja mpaka anapofika herufi F. Daraja A ni la pikipiki, B la magari madogo, C la malori, D la magari ya abiria, G la mitambo ya ujenzi na kilimo. Yote hayo yanataja chombo. Daraja F linataja mtu: mwenye ulemavu. Sina shaka na nia ya waliolianzisha. Walitaka dereva mwenye ulemavu atambuliwe na sheria, badala ya kuachwa aombe huruma ya afisa mmoja mmoja. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba daraja hilo limejengwa juu ya kosa la msingi kuhusu kinachopimwa. Uwezo wa kuendesha ni sifa ya dereva na chombo chake wakiwa pamoja. Ukimpima mmoja bila mwenzake, hujapima uwezo wa kuendesha.

Yapo mambo ambayo hayana ubishi. Kila nchi ina wajibu wa kuwalinda watumiaji wa barabara dhidi ya dereva asiyeweza kukimudu chombo. Kila nchi iliyoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, imeahidi pia, katika ibara ya 20, kuwawezesha watu hao kwenda watakako kwa uhuru mkubwa iwezekanavyo. Mgogoro unaanza tunapouliza nani apime, na apime nini. Msimamo ulioenea katika ofisi zetu ni kwamba daktari atangulie: athibitishe kwamba mwili unafaa, ndipo mkaguzi wa magari aitwe. Msimamo huu unaonekana wa busara, lakini umekosea. Unamtaka daktari ajibu swali lisilo la kitabibu, tena kabla chombo hakijaonekana.

Historia ya Uingereza, ambako sheria zetu za barabara zilichota mengi, inaonyesha kwamba kosa hili halikuwa la lazima. Sheria ya Barabara ya 1930 ndiyo iliyoleta jaribio la kwanza la udereva nchini humo, na jaribio hilo liliwahusu watu wenye ulemavu peke yao. Madereva wengine wapya walianza kulazimika kujaribiwa mwaka 1935. Ni ubaguzi ulio wazi, na ni rahisi kuishia hapo. Lakini ndani ya sheria hiyo mlikuwa na jambo la maana: mwombaji aliyekataliwa kwa sababu ya ulemavu aliweza, isipokuwa kwa magonjwa fulani, kudai ajaribiwe. Na kama jaribio lilionyesha kuwa anamudu magari ya muundo fulani tu, leseni yake ilibanwa kwa magari ya muundo huo. Yaani watunga sheria wa 1930 walikwisha kuona kwamba jibu la swali la uwezo linategemea gari.

Kilichofuata ni kurudi nyuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliwagawia watu wenye ulemavu vigari vya magurudumu matatu vyenye kiti kimoja, maarufu zaidi vikiwa vile vya Invacar. Aliyepewa kigari hicho hakuruhusiwa kubeba abiria, hata kama abiria huyo ni mtoto wake. Mwaka 1974 ripoti ya Evelyn Sharp kuhusu usafiri wa watu wenye ulemavu wa viungo ilipendekeza utaratibu huo uachwe na watu wapewe magari ya kawaida yaliyorekebishwa. Mpango wa Motability, wa kuwapatia magari ya aina hiyo, ulianzishwa mwaka 1977, na mwaka 2003 vigari vya mwisho vya serikali viliondolewa barabarani. Taifa lililokuwa na kanuni nzuri katika sheria yake lilikaa miongo mitatu likiwatengenezea watu kundi la pembeni. Ndiyo sababu daraja F linanitia wasiwasi.

Hata hivyo, ushahidi wenye uzito zaidi hauko Uingereza. Uko Dar es Salaam, katika bajaji.

Watu waliopooza miguu kwa polio, waliokatwa mguu baada ya ajali, waliojeruhiwa uti wa mgongo, wamo miongoni mwa wanaobeba abiria kwa bajaji jijini humo. Chombo chenyewe kinaeleza kwa nini. Katika muundo uliozoeleka, mafuta yako kwenye mshikio wa kulia, unaozungushwa kwa kiganja. Klachi iko kwenye mshikio wa kushoto, na gia hubadilishwa kwa kuuzungusha mshikio huohuo. Kazi kubwa moja tu imeachiwa mguu, nayo ni breki. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunganisha chuma na pedeli ya breki na kukipandisha hadi mkono unapofika. Kazi ya siku moja gereji, na mtu ambaye fomu ya hospitali ingesema hafai anaendesha.

Sasa tumchukue daktari anayempima dereva huyu kliniki. Ataandika kwamba misuli ya miguu haina nguvu. Ni kweli, na haituambii chochote kuhusu kama bajaji itasimama. Tuseme pedeli inahitaji nguvu ya nyutoni 300 ili chombo kilichojaa kifunge breki ipasavyo. Wenzo wenye uwiano wa tatu kwa moja utaishusha nguvu hiyo hadi nyutoni 100, sawa na kuinua uzito wa kama kilo 10. Mikono mingi inaweza. Lakini wenzo haukopeshi bure: kile mkono unachopunguziwa katika nguvu, unakilipa katika umbali. Pedeli ikishuka sentimita 8, mkono utasafiri sentimita 24. Je, bega la dereva huyu linafika huko akiwa amekaa, bila miguu ya kujikazia sakafuni? Ukiurefusha wenzo, nguvu inatosha na umbali unashindikana. Ukiufupisha, mambo yanageuka. Jibu haliko begani peke yake, wala kwenye chuma peke yake. Linapatikana mtu huyu akiwa ameketi katika bajaji hii.

Kuna swali la pili ambalo kliniki haiwezi hata kuliuliza. Chuma hicho kimewekwa upande gani? Katika kusimama kwa ghafla, mkono wa kushoto unabana klachi. Wenzo wa breki ukiwa kulia, mkono wa kulia unaachia mafuta na kuvuta breki, na usukani unabaki na mkono wa kushoto ulio kazini tayari. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, bajaji inakwenda mita 11 kila sekunde. Nusu sekunde ya mkono kutafuta wenzo ni mita tano na nusu za barabara. Hilo linapimwa kwa saa na tepu, mahali pa wazi, chombo kikiwa na mzigo, na mkaguzi yeyote wa magari anaweza kufundishwa kulipima.

Na swali la tatu, ambalo ndilo linalonikosesha raha: nani amekagua uchomeleaji huo? Abiria watatu waliokaa nyuma hawatishiwi na polio ya dereva. Wanatishiwa na kiungio cha chuma kilichochomelewa bila kipimo, kinachovutwa mara nyingi kila siku. Utaratibu unaokazia macho mwili wa dereva hautakiona kamwe. Kwa hiyo, anayetetea upimaji wa kitabibu kwa jina la usalama anapaswa kujibu kwa nini utaratibu wake unaiacha hatari iliyo kubwa zaidi.

Ulaya imetoa njia inayofaa kuigwa. Chini ya Agizo la Umoja wa Ulaya la 2006 kuhusu leseni, mwenye ulemavu wa viungo hupata daraja lilelile la magari madogo kama jirani yake, kisha huandikiwa namba: 20 kwa breki zilizorekebishwa, 25 kwa mafuta, 40 kwa usukani, 78 kwa gari la otomatiki pekee. Namba 01, inayoongoza orodha hiyohiyo, ni ya anayehitaji kurekebishiwa uwezo wa kuona, kwa mfano kwa miwani. Wenye miwani hawakutengewa daraja. Na agizo hilo linataka maoni ya kitabibu yataje marekebisho yanayohitajika kwenye chombo, na panapolazimu yatokane pia na jaribio la vitendo.

Pingamizi linalostahili kusikilizwa kwa makini ni la kiharusi na majeraha ya ubongo. Hapo mkono uliolegea huenda si tatizo kuu. Mtu anaweza kupoteza sehemu ya upeo wa macho au wepesi wa kuamua bila yeye mwenyewe kujua. Nakubali kwamba kwa hao daktari lazima atangulie. Lakini huo ni mpaka wa hoja yangu, haujaivunja. Kuwaunganisha na aliyekatwa mguu, ambaye macho na akili yake ni salama, eti kwa kuwa wote wanaitwa wenye ulemavu, ndiko kunakofanya kipimo kiwe butu kwa pande zote mbili.

Husemwa pia kwamba hatuna wataalamu. Nchini Uingereza, vituo vya upimaji humkutanisha mtaalamu wa tiba kazi na mwalimu wa udereva ndani ya gari moja. Kwetu pia wataalamu wapo. Moshi, nchini Tanzania, hospitali ya KCMC inafundisha tiba kazi, na chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini humo, inafundisha madereva. Nairobi ina hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo. Kinachokosekana ni amri ya kuwakutanisha watu hawa na mkaguzi wa magari, na naamini gharama yake haitazidi ile ya kuendelea kuwanyima watu leseni au kuwaacha waendeshe bila kukaguliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 tayari inampa mtu mwenye ulemavu msamaha wa ushuru kwa gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa matumizi yake. Mtoza ushuru, basi, anamtazama mtu pamoja na gari lake. Mamlaka za leseni zifanye vivyo hivyo: daraja litaje chombo, namba itaje rekebisho, na rekebisho likaguliwe kila leseni inapohuishwa. Kazi ianze na bajaji zilizoko barabarani sasa, kwa sharti moja. Dereva ambaye wenzo wake utaonekana dhaifu apewe nafasi ya kuurekebisha na kupimwa upya kabla leseni yake haijaguswa. Bila sharti hilo, wenye vifaa vibovu ndio watakaokuwa wa kwanza kuukwepa ukaguzi.