"Mtandao Haupo": Historia ya Neno Lililobebeshwa Mzigo

Jioni moja mwalimu mstaafu ambaye ni jirani yangu aliniita nikamtazamie kompyuta yake mpakato, aliyoinunua mwaka 2010. "Mwanangu," alisema, "mtandao umegoma." Simu ya mjukuu wake, iliyokuwa juu ya meza ile ile, ilikuwa ikifungua kila kitu kwa waifai ya nyumba hiyo hiyo. Nikamwuliza, "Mwalimu, mtandao upi?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Hata hivyo swali hilo ndilo kiini cha makala haya, kwani ilituchukua saa mbili kutambua kwamba chombo kile kilikuwa na kasoro tatu zisizohusiana, nazo zote tatu zilikuwa zikiitwa kwa jina moja.

Asili ya neno mtandao haina utata. Limetokana na kitenzi tanda, na msikilizaji wa Kiswahili aonapo neno hilo huona wingu lililotanda au utando wa buibui. Kwa kompyuta zilizounganishwa, ni istilahi nzuri isiyohitaji maelezo. Kosa halikuwa katika kulichagua neno hili bali katika kulitwisha mizigo. Limebebeshwa kompyuta mbili tatu zilizounganishwa ndani ya nyumba moja, likabebeshwa intaneti, kisha wavuti, na hata kampuni ya simu pamoja na nguvu ya mawimbi yake. Yafaa ikumbukwe kwamba dhana hizi hazikuzaliwa siku moja.

Mnamo mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake walianza kuunganisha kompyuta za visiwani kwa mawimbi ya redio. Huo ulikuwa mtandao usiotumia waya, na wakati huo intaneti tunayoijua leo haikuwapo. Kanuni za mawasiliano ambazo juu yake intaneti imejengwa zilianza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari, 1983. Wavuti nayo, aliyoibuni Tim Berners-Lee huko CERN, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Basi tunapotumia neno moja kwa vitu hivi vitatu, tunachanganya ndugu watatu waliopishana miaka ishirini, na ambao kila mmoja aweza kuugua peke yake huku wenzake wakiwa wazima.

Waifai yenyewe ni tawi la ndugu yule wa kwanza. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa ya redio yatumike bila leseni. Mwaka 1997 ukatolewa usanifu wa kwanza, unaojulikana kwa namba 802.11, ambao kasi yake haikuzidi megabiti 2 kwa sekunde. Miaka miwili baadaye kasi hiyo ilifikia megabiti 11. Namba haziuzi bidhaa, kwa hiyo makampuni yaliyohusika yaliiajiri kampuni ya Interbrand iwatungie jina, nalo likawa Wi-Fi. Wafasiri wengi wamejitaabisha kulitafsiri jina hili kana kwamba ni ufupisho wa maneno fulani. Mmoja wa waasisi wa umoja huo, Phil Belanger, amekwisha kueleza kwamba jina hilo halikuwa ufupisho wa chochote, na kwamba maneno yanayodaiwa kuwa asili yake yalipachikwa baadaye kama pambo la matangazo. Kwa maoni yangu, jina lisilo na maana halitafsiriki. Tuliache liwe waifai.

Sasa turudi mezani kwa mwalimu. Kasoro ya kwanza ilikuwa ya mawimbi. Ruta ya nyumba ile hutangaza majina mawili, moja kwa masafa ya gigahezi 2.4 na jingine kwa gigahezi 5. Masafa ya 5 yaliwekewa usanifu mwaka ule ule wa 1999, lakini vifaa vyake vilikuwa ghali, na kwa miaka mingi kompyuta za bei nafuu ziliendelea kutengenezwa kwa masafa ya 2.4 pekee. Mjukuu alikuwa ameunganika kwa jina la pili, babu akalitafuta jina hilo asilione. Hapakuwa na cha kutengeneza. Tulimwelekeza kwenye jina la kwanza.

Hapo ikajitokeza kasoro ya pili. Jina lilionekana, neno la siri liliandikwa kwa uangalifu wa mwalimu wa hisabati, na bado kompyuta ikakataliwa. Sababu yake ni historia ya kufuli. Kufuli la kwanza, WEP, lilitoka pamoja na usanifu wa 1997. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha jinsi linavyovunjika. Likafuatwa na WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Ruta ile ilikuwa imewekwa ikubali WPA3 peke yake, na kompyuta ya 2010 haikijui kufuli hicho kilichobuniwa miaka minane baada yake. Tuliiweka ruta ikubali WPA2 pamoja na WPA3, na mlango ukafunguka.

"Lakini mtandao bado," alisema mwalimu. Kumbe kila tovuti ilikuwa ikitoa onyo la hatari. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo mfano wa sarafu inayotunza saa wakati umeme umezimwa; betri hiyo ilikuwa imekufa, na kalenda ilikuwa imerudi mwaka 2010. Tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta iaminiyo kwamba tuko 2010 hukiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kazi. Tuliirekebisha tarehe, na gazeti alilolitaka likafunguka. Nilimwonya tu asiitumie kwa mambo ya benki, kwani Windows 7 iliyomo iliachwa bila matengenezo ya usalama tangu tarehe 14 Januari, 2020.

Huenda msomaji akaona hili ni jambo la nyumbani. Lakini mwananchi aliyesafiri kutwa nzima na kuambiwa dirishani "mtandao haupo, rudi kesho" hajaambiwa kitu. Karani anayeandika maneno hayo katika taarifa yake naye hajamwambia fundi kitu, na fundi atapelekwa kukagua waya ilhali kilichoharibika ni saa. Ningependekeza katika miongozo na fomu zetu tutenge maneno manne: mawimbi, kwa kile kinachoonekana au kutoonekana, ruta, kwa mlango unaokubali au kukataa, intaneti, kwa njia itokayo nje ya nyumba, na tovuti, kwa mahali tunapokwenda. Mtandao libaki kuwa jina la jumla, wala lisitumike kutaja kasoro. Najua wapo wanaopendelea kipanga njia badala ya ruta. Sina ugomvi nao, ila mafundi sokoni wamekwisha kuamua.

Juzi mwalimu alinipigia simu tena. "Mwanangu, mawimbi nayaona, ruta imenikubali, tarehe ni ya leo. Tovuti zote hazifunguki." Nilimwuliza kama kifurushi kimelipiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake.