Kutoka Mkuki wa Malangali hadi UMISSETA: Malezi ya Wanamichezo wa Shule Iringa na Mbeya

Shule ya Malangali, iliyoko Mufindi katika Mkoa wa Iringa, ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya mwalimu Mwingereza, W. Bryant Mumford. Miaka minne kabla, Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imezuru Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ifuate maisha ya jamii inayowazunguka wanafunzi. Gavana wa Tanganyika, Donald Cameron, naye alikuwa akitawala kwa kuwatumia machifu. Mumford aliyachukua mawazo hayo akayapeleka mbali kuliko wengi: wazee wa Kihehe, Kibena na Kisangu waliletwa shuleni kufundisha mila, wavulana wakavaa shuka, na ngoma pamoja na kurusha mkuki vikaingia katika ratiba.

Uzito wa jambo hilo unaonekana mtu akihesabu umri. Mzee wa miaka 60 mwaka 1928 alikuwa kijana wa miaka 23 mwaka 1891, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilipokiteketeza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski kule Lugalo. Kizazi kilichokuwa na umri wa kushika mkuki vitani ndicho kilichoonekana sasa kinafaa kuwalea wanafunzi. Kwa lugha ya leo wangeitwa makocha, na ujuzi wa namna hiyo haukupatikana katika kitabu chochote cha Mumford.

Hata hivyo mpango haukudumu. Wanafunzi na wazazi walitaka Kiingereza na elimu ya kuwafikisha kwenye kazi za ofisini, na shule iliyowarudisha kwenye shuka ilionekana kuwafungia njia. Walikuwa na haki: mila zilichaguliwa na mkoloni kwa niaba yao. Malangali hatimaye ikawa shule ya sekondari ya kawaida. Mkuki nao ukabaki michezoni, sasa ukirushwa kwa kanuni za riadha.

Baada ya uhuru, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kwa shule za sekondari, ngazi kuu ya kupandia ikawa mashindano ya UMISSETA: mchezaji huchaguliwa shuleni, hupita wilayani, huingia kambi ya mkoa, kisha huenda mashindano ya taifa katikati ya mwaka. Kwa Iringa na Mbeya kipindi hicho huangukia kipupwe, baridi ikiwa kali, baada ya maandalizi yaliyofanyika wakati wa mvua kwenye viwanja vya matope. Vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kabla ya kurejeshwa, na waliokuwa shuleni wakati huo walipoteza ngazi hiyo katika umri wasioweza kuurudia.

 

Katika shule nyingi kocha ni mwalimu wa somo jingine, anayefundisha darasani hadi mchana na kushuka uwanjani jioni. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, huandaa walimu wa kazi hiyo, lakini kutoka Mbeya au Iringa kukifikia ni safari ya kuvuka karibu nchi nzima.