Ukuta Usioguswa

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka na watu wawili wakafa. Jioni ile nilipekua simu yangu nikitafuta picha nilizowahi kulipiga lile jumba. Zilikuwepo tatu, na katika zote nimesimama mimi mbele, nimeziba nguzo. Jamani! Jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883, nami naona cha kupiga ni sura yangu.

Tangu hapo sijaacha kuufikiria mradi wa Waingereza ulioitwa Recording Britain. Vita vya Pili vilipoanza, Kenneth Clark, mkurugenzi wa National Gallery ya London, alibuni mpango wa kuwalipa wachoraji wazunguke wakichora makanisa, vinu vya upepo, mitaa ya zamani, mashamba, hata vilabu vya pombe, kabla mabomu hayajavifikia. Fedha zilitoka Pilgrim Trust. Wachoraji 97 waliacha picha zaidi ya 1,500, nyingi za rangi za maji. Na hofu yao haikuwa mabomu tu. Waliwaogopa pia wajenzi, na hapo ndipo ninapowavulia kofia: bomu kila mtu analisikia, lakini nani anashtuka barabara ikipanuliwa?

Sasa, kwa nini rangi za maji wakati kamera zilikuwepo? Clark aliipenda sanaa hiyo kama urithi wa Waingereza. Mimi nina jibu langu. Katika rangi za maji zinazopitisha mwanga, nyeupe haipakwi. Ukitaka ukuta mweupe, unauacha. Mwaka 1800 Thomas Girtin alichora The White House at Chelsea, na kile kinyumba kinachong'aa kando ya mto Thames ni karatasi tupu. Brashi ikiteleza pale, kurudi nyuma ni kazi kwelikweli. Kwa hiyo mchoraji analazimika kulitazama jengo sana kabla hajaligusa. Mimi na simu yangu hatukulazimika.

Ila rangi hizi nazo ni dhaifu. Mwaka 1888 Russell na Abney, waliochunguza jambo hilo kwa niaba ya serikali, walionyesha kwamba mwanga huzifanya nyingi zififie. Nili ni mojawapo. Ndiyo maana jumba la makumbusho la V&A, lililokabidhiwa picha za Recording Britain mwaka 1949, haliwezi kuzitundika ukutani mwaka mzima. Zimelindwa na mabomu, sasa zinalindwa na jua.

Nimenunua kiboksi cha rangi. Jumamosi nilikaa mbele ya nyumba ya bibi, Pangani, ambayo wajomba wamekwisha kukubaliana ibomolewe. Nimeharibu karatasi nne. Kwenye ya tano nimepaka mlango, mwembe na kivuli cha baraza. Ukuta wa chokaa sijaugusa. Mtoto wa jirani akaniuliza, "Shangazi, mbona hapa hujamaliza?"