Dawa za Kupevusha Mayai: Zilikotoka na Hatari Yake



Wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, leo tuzungumzie jambo linalofichwa majumbani: sindano za kuwasaidia wanawake wanaochelewa kupata mimba.

Mwanamke akikoma hedhi, mwili wake huendelea kutoa kwa wingi homoni ya kuamsha ovari, na homoni hiyo hutoka na mkojo. Mtaalamu wa Italia, Piero Donini, aliichuja mwaka 1949. Baadaye kampuni yake ilikusanya mkojo wa watawa wa Kikatoliki wazee, na mwaka 1962 akazaliwa mtoto wa kwanza kwa dawa hiyo. (Wanafunzi wa fiqhi watauliza kuhusu najisi. Swali zuri! Tangu miaka ya 1990 homoni hiyo hutengenezwa maabara pia, bila mkojo.)

Hatari ilionekana mapema. Mwezi wa kawaida hupevuka yai moja. Kwa sindano hupevuka mengi kwa pamoja. Ovari zikizidishiwa huvimba, maji ya damu huvuja na kujaa tumboni, damu iliyobaki huwa nzito na huweza kuganda mishipani. Miaka ya 1960 madaktari walishaandika juu ya hali hii, hata vifo. Wenye ovari za vifukovifuko na wenye umri mdogo ndio hupatwa zaidi.

Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978 kwa mimba iliyotungwa nje ya mwili, alitokana na yai moja la mwezi wa kawaida, bila sindano hizo. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa kuruhusu njia hiyo baina ya mume na mkewe tu. Kwa majirani zetu ilifika Kampala mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006.

Sasa tatizo. Mke husafiri kimyakimya, mama mkwe haambiwi. Ugonjwa huu huja ndani ya wiki moja au mbili baada ya sindano ya mwisho, naye keshafika Kigali. Tumbo linajaa, anatapika, mkojo unapungua, pumzi inabana. Watu wa nyumbani wanadhani ni malaria, naye anaona haya kusema. Daktari asiyeambiwa kuhusu sindano atajuaje? Aambiwe siku hiyohiyo, pamoja na jina la dawa.

Siku hizi madaktari hubadilisha sindano ya mwisho, au hugandisha viinitete wakasubiri mwezi mwingine, na hatari imepungua sana. Aliyepatwa na hali hii ndani ya Ramadhani ni mgonjwa. Afungue, atalipa akipona.