Ukadiriaji wa Ulaji wa Mafuta ya Magari Mijini

Ukadiriaji huu ni tawi la uhandisi wa barabara litafutalo kujua, kabla majira ya mataa hayajabadilishwa wala njia haijapanuliwa, magari yatakayopita hapo yatateketeza petroli kiasi gani. Haja yake ilidhihiri zaidi baada ya mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopaa ghafula duniani.

Mwaka 1976 Evans, Herman na Lam, wa maabara ya utafiti ya General Motors huko Marekani, walibainisha kwamba katika mwendo wa mjini mafuta yaliwayo kwa kila kilomita huongezeka kwa kadiri ya muda utumikao kuikata kilomita hiyo. Kanuni yao ni nyepesi, na kwa mji mzima yatosha; lakini haimfai mwenye kupanga mataa ya njia panda moja, kwani wastani husitiri mambo. Magari mawili yaweza kukata kilomita moja kwa muda ule ule, moja likijikokota pasi na kusimama, la pili likikimbia na kufunga breki mara kwa mara, na hilo la pili likala zaidi, kwa kuwa nguvu iliyolipa mwendo hupotelea katika joto la breki, kisha sharti inunuliwe upya.

Kwa ajili hiyo Bowyer, Akçelik na Biggs, wa bodi ya utafiti wa barabara ya Australia, walitoa mwaka 1985 mwongozo uliopanga vielelezo katika daraja nne. Kilicho sahili kabisa hutaka wastani wa mwendo tu. Kilicho cha undani kabisa hulifuata gari sekunde kwa sekunde, kikihesabu nguvu ya kushinda ukinzani wa magurudumu na wa hewa, ya kupanda mlima, na ya kuusukuma uzito wa gari lenyewe liongezapo mwendo, juu ya yale mafuta ambayo injini hula hata gari likiwa limesimama. Na nguvu hiyo ikiwa si zaidi ya sifuri, kama katika mteremko mkali, huandikwa ulaji wa kusimama peke yake.

Faida kubwa ya hesabu hizi i katika mataa. Programu ya kupangia mataa iitwayo TRANSYT, iliyotungwa na Robertson wa Uingereza na kutolewa 1969, ilikwisha kuweka kusimama kwa magari katika mizani moja na kuchelewa kwake. Mzunguko wa mataa upunguzao mafuta aghalabu huwa mrefu kuliko ule upunguzao kuchelewa, maana katika mzunguko mrefu magari yanayolazimika kusimama ni machache. Mwenda kwa miguu, asiyekula petroli, humo hana fungu, naye huzidishiwa kungoja ukingoni. Na hiyo, kwa rai yetu, ni dhuluma ambayo mhandisi hana budi kuirekebisha kwa mkono wake.

Tarakimu za vielelezo hivi ni za magari yaliyopimwa wakati ule, wala hazihamishwi kiholela. Gari la umeme, ambalo hurejesha sehemu ya nguvu lifungapo breki na karibu halitumii kitu likisimama, lataka vipimo vyake lenyewe.